Usalama wa kompyuta kazini: mara nyingi mwizi ana ufunguo tayari

Wakuu wa makampuni na mashirika wakisikia habari za wizi wa mtandaoni, wanawaza kijana asiyejulikana, aliye mbali, anayevunja mfumo usiku. Basi wananunua programu ya kuzuia virusi na kulala usingizi. Kumbe anayejua pesa ziko wapi, na saa ngapi mhasibu anatoka kwenda kula, ni yule anayewasalimu kila asubuhi.

Afrika Kusini ilionja jambo hilo. Desemba 2018, katika kituo cha zamani cha data cha Postbank mjini Pretoria, wafanyakazi walichapisha ufunguo mkuu wa siri wa benki, wenye tarakimu 36, kwenye karatasi ya kawaida. Aliyeushika aliweza kuingia katika akaunti na kubadili habari za kadi. Kati ya Machi na Desemba 2019, randi milioni 56 ziliibwa kwa shughuli zaidi ya 25,000, nyingi kwenye kadi za watu wanaoishi kwa msaada wa serikali. Gazeti la Sunday Times lilipofichua hati za ndani mwaka 2020, ilijulikana kwamba kadi milioni 12 zilipaswa kubadilishwa, kwa gharama ya karibu randi bilioni 1. Yote kwa sababu ya karatasi.

Nchini India, kashfa ya Punjab National Bank, ya karibu dola bilioni 1.8, ilijulikana mwaka 2018 kwa namna ya kushangaza. Afisa mmoja wa tawi la Mumbai, aliyekaa miaka mingi kwenye kiti kimoja, alistaafu. Wateja walipokuja kuomba dhamana nyingine, aliyemrithi akadai waweke rehani. Wakajibu kwamba hapo awali hawakuwahi kuombwa. Hapo ndipo daftari zilipofunguliwa.

Nchini Congo hali hiyo si ngeni. Katika ofisi nyingi neno la siri limebandikwa kwenye kompyuta na watu wanne wanalitumia; pesa zikipungua, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Aliyefukuzwa mwezi wa tatu bado anafungua barua pepe ya shirika mwezi wa tisa. Anayeandika orodha ya mishahara ndiye huyo huyo anayeiidhinisha. Tena kuna wakuu wanaomwachia funguo zote mtu ambaye hawajamlipa miezi mitano, halafu wanashangaa.

Dalili huwa zipo. Anayekataa likizo mwaka baada ya mwaka husifiwa kuwa mchapakazi. Pengine anaogopa mwenzake akae kwenye kiti chake hata wiki mbili. Mwingine ananakili mafaili yasiyohusu kazi yake kwenye flashi siku chache kabla ya kuacha kazi. Dalili moja haitoshi kumwita mtu mwizi, lakini inatosha kuangalia.

Dawa nyingi hazihitaji mfadhili. Kila mtu awe na neno lake la siri. Malipo yaidhinishwe na watu wawili. Likizo iwe ya lazima, na anayeondoka afungiwe njia zote siku ile ile. Kanuni ya kidijitali ya Machi 2023 inaadhibu anayeingia katika mfumo bila ruhusa, ila sheria hufika pesa zikiwa zimekwisha kwenda.

Kuna hatari nyingine: wakuu kutumia neno «usalama» kuwafunga midomo wasema kweli. Mwaka 2021 Wakongomani walipata habari kwamba waajiriwa wawili wa zamani wa benki moja ya Kinshasa walihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, baada ya kufichua hati za benki hiyo. Baada ya habari kama hiyo, ni karani gani atakayepeleka kwa mkubwa wake jina la mwizi, hasa kama mwizi ndiye mkubwa wenyewe? Shirika linalotaka kuambiwa lichague mtu wa kupokea habari hizo nje ya idara inayoshika pesa, na wafanyakazi wote wajulishwe jina lake.