Hewa Nzito na Hewa Nyepesi

Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo, na hata hewa ina uzito wake. Uzito wa molekuli za hewa tuvutayo, kwa wastani, ni kama 29. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani, yenye 44, na butani, yenye 58. Kwa hiyo ikivuja hushuka na kutuama sakafuni mfano wa maji. Aisikiaye harufu yake asiwashe kiberiti wala taa ya umeme, bali afungue milango na kuwatoa watoto nje.

Lakini sumu ya jiko la makaa, kaboni monoksidi, ina uzito wa 28, karibu sawa na hewa. Hiyo huenea chumba kizima, haina rangi wala harufu, hata makaa yakiwa mekundu bila ya moshi. Alalaye kitandani na alalaye mkekani wote wamo hatarini. Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani tulalapo. Basi tumtii, na jiko lilale nje.