Usafi wa Kukaa Nyumbani

Ipo kauli moja ambayo imewatia ganzi watu wema wa Kenya kuliko hila ya mwanasiasa yeyote: siasa ni mchezo mchafu, mwenye heshima zake hajichafui nayo. Utaisikia kwa mzee wa kanisa baada ya ibada, kwa mwalimu mstaafu akinywa chai barazani, kwa akina mama wa chama wanaoweka na kukopeshana bila hata senti kupotea. Watu hawa wamelea watoto wakalelewa, wamesimamia pesa za wenzao zikasimamika. Ukiwagusia bajeti ya kaunti wanatikisa kichwa na kusema hayo si yao. Nasema wanakosea, na kosa lao limewagharimu watoto wao wenyewe.

Naandika nikiwa mhafidhina, na sioni haya kusema hivyo. Naamini familia ilikuwapo kabla ya serikali. Naamini kilichopatikana kwa jasho ni cha aliyetoka jasho, na kwamba serikali inapochukua sehemu yake kwa njia ya ushuru imepokea amana ambayo lazima iitolee hesabu. Naamini deni ni jambo la kuogopwa. Imani hizi si za watu wachache. Nenda kanisani Jumapili au msikitini Ijumaa, au kaa na wazee wa kijiji chochote, utawakuta wenye imani hizi wamejaa. Tukiwa wengi kiasi hiki, imekuwaje tukaongozwa mwaka baada ya mwaka kana kwamba imani hizo hazina mwenyewe?

Chukua suala la deni peke yake. Mwai Kibaki alipoondoka madarakani mwaka 2013, deni la taifa lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2. Miaka kumi baadaye lilikuwa limevuka trilioni 10. Katika muda huo nilisikia mahubiri mengi kuhusu ubahili na uasherati na pombe. Mahubiri kuhusu taifa linalokopa kwa jina la watoto ambao hawajazaliwa yalikuwa haba mno. Kila mkopo uliacha maandishi, na kila bajeti ilipita mikononi mwa wabunge ambao sisi ndio tuliowachagua, au ndio tuliokataa kwenda kuwachagua.

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, daftari lilikuwa na wapigakura 22,120,458. Waliojitokeza hawakufika asilimia 65. Mwaka 2017 walikuwa karibu 80, na mwaka 2013 karibu 86. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga, tofauti ya kura 233,211. Waliojisajili kisha wasipige kura walikuwa kama milioni 7.8, wakamzidi mshindi mwenyewe kwa kama laki sita. Hapo sijawahesabu wale ambao hawakujisajili kabisa. Mombasa, mji wa misikiti na makanisa ya karne nyingi, haikufikisha hata nusu ya wapigakura wake.

Sidai kwamba wote hao ni wahafidhina, wala kwamba wote walikaa nyumbani kwa kupuuza. Wako waliougua, waliokuwa safarini, walionyimwa ruhusa kazini. Lakini mtu asiniambie kwamba kura moja haibadili kitu wakati urais wenyewe umeamuliwa kwa idadi ndogo kuliko wakazi wa mitaa michache ya Nairobi. Katika wadi, ambako diwani hupata kiti kwa kura elfu chache, na pengine kwa mia kadhaa, waumini wa parokia moja wakiamua kutoka pamoja asubuhi wanaweza kumpeleka mtu mwadilifu katika bunge la kaunti. Hawatoki. Halafu miaka mitano mizima wanamlaumu diwani.

Kuna wanaoniambia kwamba tulijaribu, tukashindwa. Wanakumbuka kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Makanisa mengi yalipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu kinachohusu uavyaji mimba na kile cha mahakama za kadhi. Wachungaji walisimama majukwaani, waumini wakajitokeza, na karibu theluthi moja ya waliopiga kura wakasema la. Katiba ikapita kwa asilimia 67. Nawaheshimu waliosimama wakati ule. Ila tazama kilichofuata: tulikunja mikeka tukaenda zetu nyumbani. Katiba ile ile tuliyoipinga ilikuwa imempa kila raia funguo ambazo hakuwahi kuwa nazo. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 119 kinamruhusu kuwasilisha ombi bungeni. Kifungu cha 201 kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Wenzetu wa mrengo mwingine wakazichukua funguo hizo, wakafungua ofisi, wakaajiri mawakili, wakawa wanaonekana mahakamani kila mwezi. Sisi tukabaki kulalamika kwamba mahakama zimetekwa na wenye mawazo mageni. Asiyekuwepo na lake halipo.

Linganisha na mtu kama Okiya Omtatah, aliyewahi kusomea upadri na ambaye sasa ni Seneta wa Busia. Yeye na wenzake walipeleka Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 mahakamani, ile iliyopandisha ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema makato hayo ya nyumba yanakiuka katiba. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha sheria yote, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaurejesha uhai wake. Alishinda, akashinda tena, kisha akashindwa, na bunge lilikuwa tayari limeyatungia makato ya nyumba sheria mpya. Hata hivyo, kwa muda wote huo serikali ililazimika kusimama mbele ya majaji na kueleza ni lini iliwasikiliza wananchi na walisema nini. Kupunguza ushuru na kubana matumizi ndilo dai kuu la mhafidhina. Waliolibeba hadi kortini walikuwa wachache, na wengi wetu tuliipata habari kwenye redio.

Kisha ukaja Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 wa thamani ya gari kila mwaka, pamoja na mengine chungu nzima. Waliousoma kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa lugha zetu za mama na kuusambaza kwa simu, walikuwa vijana tuliozoea kuwaita wavivu. Vipengele kadhaa, kikiwamo kile cha mkate, viliondolewa hata kabla ya kura ya mwisho. Juni 25, wabunge 195 waliupitisha mswada na 106 wakaukataa, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano yale. Mimi si mtu wa kushangilia bunge kuvamiwa; utaratibu kwangu ni kitu kitakatifu. Ndiyo maana naona uchungu kwamba watoto wale walikwenda barabarani kufanya kwa miili yao kazi ambayo wazazi wao wangeifanya kwa kalamu wiki kadhaa mapema, wakati kamati ya Bunge ilipokuwa ikipokea maoni. Mzazi aliyewakemea kwa kukosa adabu ajiulize yeye aliwasilisha waraka gani.

Wengine hujificha nyuma ya dini. Wanasema Mungu ndiye huweka viongozi, na mwamini kazi yake ni kutii na kuomba. Hoja hii nawajibu kwa historia ya makanisa yetu wenyewe, maana waliotutangulia hawakuielewa imani hivyo. Serikali ya Daniel arap Moi ilipoleta kura ya mlolongo miaka ya 1980, watu wakitakiwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea mbele ya macho ya chifu, waliokataa waziwazi ni maaskofu na wachungaji. David Gitari, Henry Okullu na Alexander Muge wa Anglikana, Timothy Njoya wa Presbiteri na Ndingi Mwana a'Nzeki wa Katoliki walisema hadharani jambo ambalo mawaziri waliogopa hata kulinong'ona. Nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku mwaka 1989. Muge alikufa katika ajali ya barabarani Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya asikanyage huko. Njoya alipigwa mwaka 1997 hadi damu ikamtoka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeacha kuhubiri ndoa, kiasi na uchaji. Walimtii Mungu, na kwa sababu hiyo hiyo walimuuliza mtawala hesabu.

Ni kanisa hilo hilo ambalo baadaye lilimwachia mwanasiasa madhabahu kwa sababu ya harambee. Mheshimiwa anafika na msafara, anakaa kiti cha mbele, anatoa bahasha ya paa au ya kwaya, na hakuna anayethubutu kumuuliza mshahara wake unalipaje yote hayo. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango uliotolewa na Rais katika kanisa la Soweto, akaagiza fedha zirudishwe. Nilifurahi. Kisha nikasikia waumini wakinung'unika kwamba askofu amewanyima maendeleo. Manung'uniko hayo yaliniogopesha kuliko mchango wenyewe. Mtu anayeiona bahasha ya kiongozi kuwa maendeleo hatamwuliza kiongozi huyo zilikokwenda fedha za barabara.

Hoja nzito zaidi ya wanaokaa nyumbani ni kwamba kura huibwa. Siipuuzi hata kidogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na familia zilizofukuzwa mashambani zinalikumbuka jambo hilo hadi leo. Lakini tuangalie kilichofanyika tangu wakati huo. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, Msabato asiyeyumba katika imani yake, iliufuta uchaguzi wa urais. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka fomu za 34A, yaani fomu za matokeo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, na yeyote mwenye simu na subira angeweza kujumlisha mwenyewe. Bado kuna wezi. Mwizi wa kura hustawi pale ambapo mawakala hawakuja, ambapo foleni ni fupi, ambapo hakuna aliyebaki kituoni jioni kutazama hesabu ikiandikwa. Kituo kilichojaa wanakijiji wanaofahamiana ni kigumu mno kuibia.

Na kura ni siku moja tu. Hapo ndipo naona tulipolala zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda ambayo kila kaunti inaifuata: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bajeti ipitishwe kufikia Juni 30. Katika hatua hizi kaunti inatakiwa kuwasikiliza wananchi. Vikao hufanyika kwenye kumbi za jamii na viwanja vya shule, mara nyingi siku ya kazi na kwa tangazo la muda mfupi. Hilo ni kosa la serikali, na tulipigie kelele. Lakini wanaojaza viti vile ni nani? Ni wanakandarasi na wapambe wa diwani, pamoja na watu waliosombwa kwa ahadi ya nauli. Mzee wa kanisa anayejua bei ya simenti hayupo. Mama mweka hazina wa chama, ambaye angeona kwa dakika mbili kwamba zahanati imetengewa fedha mara mbili na haijaezekwa, hayupo pia. Hawa ndio watu ambao kiongozi mwizi asingependa kuwaona, na wamemfanyia hisani ya kutokuja.

Nawasihi wenzangu mnaopenda nyumba zenu na imani zenu. Mwaka huu, kabla Aprili haijaisha, ulizeni katika ofisi ya wadi yenu ni lini na wapi bajeti itajadiliwa. Wakikataa kuwapa nakala, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Afisa wa umma ana siku 21 za kujibu. Nendeni watu kumi wa kanisa moja au msikiti mmoja, mmoja wenu akiwa anajua kusoma mahesabu, na mkae hadi kikao kifungwe. Ambaye hajajisajili kupiga kura aende ofisi ya tume katika eneo bunge lake na kitambulisho chake. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027.