Siku ya posho pamoja na nkambo



Tukisema tutembeze watoto siku ya posho, mara nyingi tunawaza zoo tu. Si vibaya: watoto wanapenda nyani, nasi tunapata kivuli. Lakini posho iliyopita tulibadilisha njia. Tulipita mbele ya kanisa kubwa la Petro na Paulo, tukaenda hadi Makumbusho ya Taifa, kando ya teatri ya mji. Tulikuwa wamama kumi na mmoja, watoto wengi kuliko wale tulioandikisha (walioleta na watoto wa jirani wanajijua), na nkambo mmoja tu.

Makumbusho hayo yalianza mwaka 1946, kwa kazi ya Francis Cabu, Mbelgiji aliyechimbua vitu vya kale. Wengi wetu tulizaliwa Kenya na Katuba, tumepita pale mara nyingi tukienda Posta, na tulikuwa hatujaingia hata siku moja.

Watoto walisimama kwanza kwa misalaba ya shaba. Sisi wakubwa tunaijua kwa bendera ya Katanga ya mwaka 1960, lakini zamani sana ilikuwa makuta ya watu wa hapa. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wanaume waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo wa kichuguu. Wanawake na watoto ndio waliookota mawe hayo juu ya udongo. Kijana mmoja akauliza: «Basi hata wao walikuwa wachimbaji?» Ndiyo, mtoto wetu, hata wao.

Kisha vyungu vya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Wataalamu walichimbua makaburi kule mwaka 1957 na 1958, wakakuta watu waliozikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, kila mmoja na vyungu vyake. Mkubwa alizikwa na vyungu vikubwa, mtoto na vyungu vidogo. Hapo wamama tulinyamaza kidogo. Kati yetu wako waliozika mtoto.

Wakati wa kupumzika ndipo msichana mmoja wa darasa la tano akauliza swali ambalo halikuandikwa kwenye kabati lolote: «Nkambo, kwa nini siku hii inaitwa posho?»

Nkambo alizaliwa katika kambi ya Kumpuni, yaani Union Minière. Akakaa vizuri, akaeleza. Kila juma mfanyakazi alipewa chakula cha nyumba yake: unga, samaki, mafuta, maharagi. Wamama walipanga mstari na mifuko yao, watoto nyuma. Siku ya kupokea posho ikabaki na jina hilo, hata leo ambapo hakuna anayetupimia unga. Akasema pia juu ya foyer social, mahali mama yake alipojifunza kushona, na namna walivyochekana kwa mishono iliyopinda. Watoto waliokuwa wanakimbia walirudi wenyewe kusikiliza.

Tukamuuliza kama amebakiza kitu cha wakati ule. Alikuwa na kikaratasi cha posho cha baba yake, alikitunza miaka mingi. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipoacha kazi kwa départ volontaire, mtoto wake alikuwa mmoja wao. Wakahama nyumba. Asubuhi moja ya kuhama, kikaratasi kile kiliwashia mbabula.

Alisema huku akicheka. Sisi hatukucheka sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, walimu wa chuo kikuu chetu walianza kazi ya Mémoires de Lubumbashi, wakasikiliza wazee wa mji na kutazama vitu vya nyumbani mwao. Hawakuweza kufika kwa kila nyumba. Kwa hiyo fungueni masanduku: vikaratasi vya posho, vyeti vya foyer, picha za ndoa, vikwembe vya zamani. Leteni kwenye mkutano wetu tuvitazame pamoja, kisha kila mama atarudi na chake. Anayeweza kuandika aandike nyuma ya picha majina ya waliomo, kwa kalamu ya risasi.

Posho ijayo tunaenda kutazama terril na lile bomba la mita 150. Tutasimama mbali, barabarani, kwani kule ni mahali pa kazi, na ule mlima mweusi unaendelea kupunguzwa. Kila familia ilete nkambo wake. Viti tutabeba sisi.