Apophis 2029: tusingoje ramani ya London

Jamani, kasumba ya kwamba mambo ya anga ni ya wazungu inaniudhi! Usiku wa Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis itapita takriban kilomita 32,000 juu ya ardhi, karibu kuliko setilaiti za televisheni. Haitatugonga, na hapa Afrika itaonekana kwa macho matupu. Kwa ukaribu huo, nafasi yake kati ya nyota ukiwa Kisii itatofautiana kwa nyuzi kadhaa na ya aliyeko London. Ramani yake itakupotosha. NASA inatoa hesabu za obiti bure kupitia mfumo wa Horizons: weka latitudo na longitudo ya Kisii au Nyamira, upate mwelekeo na mng'ao kila dakika. Kisingizio ninachokubali ni mawingu ya Aprili tu. Waandishi wa programu wenzangu, tuandike yetu!