Kompyuta hamsini, fundi mmoja: wakati umefika wa kuacha kuzunguka na flashi

Katika ofisi nyingi za mashariki mwa RDC, kazi ya fundi wa informatiki ni kazi ya miguu. Anaitwa chumba cha kwanza kwa sababu printa haijibu, anapanda ghorofani kwa sababu virusi vimeingia, anashuka tena na flashi mfukoni ili aweke programu ileile kwenye mashine ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Umeme unakatika kabla hajamaliza. Kesho yake anaanza upya, na hakuna anayejua ni mashine gani iliyosasishwa na ni gani iliyobaki nyuma.

Wakubwa wengi wanasema fundi ni mvivu, au pesa hazitoshi. Fundi si mvivu, na pesa ni sehemu tu ya shida. Kinachokosekana ni utaratibu: kompyuta zote za taasisi moja kusimamiwa kutoka mahali pamoja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1993, Mark Burgess, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, alitengeneza CFEngine ili kupunguza kazi ya kurekebisha mashine moja moja. Mwaka 2005 ikaja Puppet, kisha mwaka 2012 Ansible. Wazo lao ni moja. Fundi anaandika katika faili namna kompyuta inavyopaswa kuwa: programu hizi ziwepo, zile zitolewe, ukuta wa usalama uwashwe, printa iwe ile ya sekretarieti. Mashine inayotofautiana na maandishi hayo inarekebishwa. Iliyo sawa inaachwa.

Linux inafaa sana kwa kazi hiyo. Haina leseni ya kununua kwa kila mashine, na programu zake hutoka kwenye ghala moja linalojulikana. Ansible nayo haihitaji kuwekwa kwenye kila kompyuta, kwani hupitia SSH, njia salama ambayo mafundi wa Linux wameizoea.

Watasema intaneti ni ghali na umeme haueleweki. Hizo ndizo sababu za kuanza. Tuseme masasisho ya mwezi yana mega 300. Kompyuta 50 zikipakua kila moja kivyake, taasisi inalipa mega 15,000. Ikiwa seva moja ya ndani inahifadhi kilichopakuliwa, mega 300 zinatosha na mashine nyingine zinachota ndani ya nyumba. Kuhusu umeme, Puppet huiacha kila mashine iulize seva yenyewe, kwa kawaida kila baada ya dakika 30. Iliyokuwa imezimika itauliza ikiwashwa, bila fundi kuifuata.

Mfano mkubwa uko Ufaransa. Gendarmerie, kikosi chenye vituo hadi vijijini, ilianza mwaka 2008 kuhamisha kompyuta zake kwenye Ubuntu, baada ya kuwazoesha askari kwanza programu za ofisi na za intaneti zilizo huria. Leo mfumo huo, unaoitwa GendBuntu, uko kwenye makumi ya maelfu ya mashine. Haiwezekani mtu kuzunguka vituo vyote hivyo na flashi.

Na gharama ya kuchelewa inajulikana. Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Mei 12 mwaka huohuo, virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilo na kushambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo kwa miezi miwili, lakini mashine nyingi zilikuwa hazijaipata. Linux nayo ina matundu yake, na isiposasishwa haiko salama kuliko nyingine.

Wapinzani wana hoja moja nzito: mkono unaoweza kutengeneza mashine zote kwa siku moja unaweza pia kuziharibu zote kwa siku moja. Ni kweli. Julai 19, 2024, sasisho baya la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5, na safari nyingi za ndege zikafutwa. Lakini funzo lake si kurudi kwenye flashi. Funzo ni kujaribu kila badiliko kwenye mashine tatu au nne kwanza, kuhifadhi faili za zamani ili kurudi nyuma kuwezekane, na kutomwachia mtu mmoja funguo zote. Fundi akihama au akiugua, maandishi yanabaki. Leo, katika taasisi nyingi, akiondoka anaondoka na kila kitu kichwani.

Tangu Machi 2023, RDC ina sheria ya mambo ya dijitali inayogusa ulinzi wa data za raia na usalama wa mifumo. Sheria hiyo haitalinda faili la mgonjwa wala pointi za mwanafunzi ikiwa kompyuta inayozihifadhi haijasasishwa kwa miaka mitatu.

Hakuna haja ya kungoja mradi mkubwa kutoka Kinshasa au mfadhili kutoka ng'ambo. Chuo kikuu kinaweza kuanza na chumba kimoja cha mazoezi, kompyuta ishirini na moja ya zamani iliyofanywa seva. Wanafunzi wa informatiki waandike wenyewe faili za usimamizi, na kazi hiyo ihesabiwe kama kazi ya mwisho wa masomo. Mkurugenzi wa hospitali au mkuu wa ofisi anaweza kuanza na swali moja kwa fundi wake: kati ya kompyuta zetu, ngapi zimesasishwa mwezi huu? Kama jibu ni kunyamaza, kazi ya kwanza imejulikana.