Hiyo "sori" yako ni pole ama ni samahani?

Hebu hesabu sori zenye umesikia tangu asubuhi. Makanga amekukanyaga mguu: "Sori msee." Umejikwaa kwa lami pale steji, na mama wa mahindi choma ambaye hakujui wala humjui anasema, "Woi, sori!" Lekchara hajaskia swali lako, anainua shingo: "Sori?" Unataka kupita katikati ya watu kwa foleni: "Sori, sori, sori." Jioni, yule mtu amekunyamazia wiki mbili anatuma ujumbe wa neno moja: "Sori." Hiyo ya mwisho hata yeye hajui ni ya nini.

Neno ni moja, kazi ni tano. Na si mchezo wa maneno tu. Naona kuna watu wakubwa sana, wengine wakiwa na mataji na wengine na bendera kwa gari, wanatuchezea kupitia neno hili moja. Sisi pia tumeanza kuchezeana hivyo hivyo.

Anza na Kiswahili. Sisi tuna maneno mawili kwa kazi ambayo Mwingereza amelipa neno moja. Pole inasema: naona umeumia. Samahani, ama nisamehe, inasema: mimi ndiye nimekuumiza. Pole haitafuti mwenye makosa. Ndiyo maana unampa mgonjwa pole, unampa aliyefiwa pole, na hata mtu ametoka job mzima kabisa unamwambia "pole na kazi." Hakuna mtu ashawahi kujibu, "Kwani wewe ndiye uliniajiri?"

Ukitaka kuona tofauti vizuri, angalia majibu. Ukiambiwa pole unajibu "asante" ama "nimeshapoa," mambo yameisha. Ukiambiwa "nisamehe," sasa mpira uko kwako. Unaweza kusamehe, unaweza kukataa, unaweza kusema nipe muda. Nisamehe ni ombi, na mwenye kuomba lazima angoje jibu. Pole ni zawadi, haingoji kitu.

Sasa hii sori ya Kiingereza ilitoka wapi? Kwa Kiingereza cha zamani sana ilikuwa "sārig," neno la ukoo mmoja na "sore," yaani maumivu, kidonda. Maana yake ilikuwa mtu aliyejaa uchungu. Wengi hudhani sori na "sorrow" ni mtu na ndugu yake, lakini hapana. Ni maneno ya mizizi tofauti ambayo yalifanana kadiri miaka ilivyosonga. Muhimu hapa ni kwamba neno lilianza kwa kueleza vile msemaji anahisi. Kuomba msamaha kulikuja baadaye. Na hadi leo, mtu akisema sori anaweza kuwa anakuambia tu vile roho yake iko.

Ndiyo maana sioni shida na sori ya yule mama wa mahindi. Wageni kutoka Uingereza ama Marekani huchanganyikiwa sana wakifika Nairobi. Mtu anaangusha simu, watu watatu wanasema sori, yeye anajibu, "Lakini si kosa lenu." Manze, tunajua! Tunakupa pole. Hiyo si Kiingereza kibovu. Ni Kiswahili kimevaa koti ya Kiingereza, na enyewe ni moja ya vitu poa tumeifanyia hiyo lugha.

Shida inaanza pale mwenye makosa anapotumia sori ya pole.

Wenye sheria wanajua hii kitu vizuri. Mkoa wa Ontario, Kanada, una sheria ya mwaka 2009 inayosema ukimwambia mtu sori, hiyo haihesabiki kortini kama kukubali kosa. Australia nayo iling'ang'ana na neno hili kwa miaka. Serikali ilikuwa imechukua watoto wa jamii za wenyeji kutoka kwa wazazi wao, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1999 Waziri Mkuu John Howard alipitisha hoja bungeni ya kusikitika, lakini akakataa kuomba msamaha kwa niaba ya serikali. Ikabidi watu wangoje hadi tarehe 13 Februari 2008, Kevin Rudd aliposimama bungeni akalitamka neno lenyewe. Kuna watu walilia. Kama neno ni neno tu, mbona mwingine alilikwepa na wengine wakalilia?

Halafu kuja hapa kwetu. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliambia bunge la London kwamba serikali yake inasikitika kwa mateso ya Wakenya wakati wa Mau Mau. Wazee 5,228 wakakubaliwa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9. Lakini papo hapo akasema serikali ya leo haikubali kuwajibika kisheria kwa yale serikali ya kikoloni ilifanya. Miaka 10 baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akaja Nairobi. Kwa hotuba yake alizungumzia huzuni na majuto, akasema maovu yale hayana kisingizio. Hakuomba msamaha. Itafsiri hiyo kwa Kiswahili cha kawaida uone: tulipewa pole. Ni kama makanga akukanyage, abaki amesimama juu ya kidole chako, halafu akuangalie kwa huruma: "Woi, pole sana, naona umeumia."

Lakini tusiwacheke Waingereza pekee yao. Tarehe 26 Machi 2015, Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali yake na zile zilizomtangulia, kwa dhuluma za miaka ya nyuma, na akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa miaka 3. Hiyo ilikuwa samahani ya ukweli, angalau kwa mdomo. Miaka ikapita, waathiriwa wakabaki wakidai. Na tarehe 28 Mei 2025, kwa maombi ya kitaifa, Rais Ruto akatuambia sisi vijana kwamba kama kuna mahali wamekosea, wanaomba msamaha. Kama. Najua kuna wenye watasema angalau amesema, wengine hata hawakuwahi kufika hapo. Sawa, nawasikia. Lakini kuna familia zilizika watoto wao baada ya maandamano ya Juni 2024. Kwa nyumba kama hiyo, "kama" ni ya nini?

Hiyo "kama" ndiyo imetushika hata sisi. Angalia video za kreta wakiomba msamaha. Macho mekundu, hudi nyeusi, halafu, "Sori kama kuna mtu alihisi vibaya." Yaani shida sasa ni hisia zako, si chenye alisema. Ni hivyo hivyo kwa mahusiano: "Sori basi, kama ndiyo unataka kusikia." Buda, hiyo si samahani, hiyo ni risiti ya kufunga mjadala.

Kwa hivyo mimi nafanya hivi. Kila sori nikiskia, naitafsiri. Kama msemaji hakunifanyia kitu, ni pole, nasema asante. Kama ndiye alifanya, lazima iweze kugeuka ikawa "nisamehe kwa sababu nilifanya hiki, na nitarekebisha hivi." Ikikataa kugeuka, basi ilikuwa pole ya mtu anajiepusha. Na nikiwa mimi ndiye natoa sori, sheria ni hiyo hiyo.

Sisemi tuache kusema sori. Semeni kabisa, mji huu ni mgumu na pole haigharimu kitu. Lakini ukiambiwa sori na mtu mwenye anakudai heshima ilhali wewe ndiye unamdai maelezo, usikimbilie kujibu "ni sawa." Muulize: unanipa pole ama unaniomba msamaha?

Akisema ni pole, mwambie asante. Deni bado liko.