Kujua lugha ya C si kukariri silabusi

Jioni, umeme ukikatika Ruashi, vijana wanaosoma informatiki wanakaa nje ya nyumba na taa ya simu, silabusi mkononi, wanasoma kwa sauti: « Lugha ya C ilianzishwa mwaka 1972 na Dennis Ritchie, katika maabara ya Bell, kule Marekani. » Wanairudia mpaka inakaa kichwani. Kesho yake interogasio inauliza hilo hilo, na aliyeandika sawasawa anapata pointi zake. Je, huyo anajua C?

Hapana. Na hilo lisemwe wazi, kwa sababu kuna wazazi wanaolipa minervali, silabusi na usafiri wa kwenda mjini kila siku, wakiamini kwamba zile pointi ni ujuzi.

C ni lugha ya kuandikia kompyuta amri. Ina zaidi ya miaka 50, lakini haijastaafu. Simu za Android zinasimama juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 na ambayo karibu yote imeandikwa kwa C. Vyombo vidogo vyenye ubongo wa umeme ndani yake, kama kile kinacholinda betri ya sola isichajiwe kupita kiasi, navyo mara nyingi hupewa amri kwa C. Katika mji wa migodi na mashine kama Lubumbashi, kijana anayeijua kweli anaweza kupata kazi. Aliyeikariri atakwama siku ya kwanza ya staji, pale atakapoonyeshwa programu iliyoharibika na kuambiwa: tengeneza.

Basi interogasio ingeuliza nini? Soko la Ruashi linatosha kutoa mfano. Mama wawili wamenunua pamoja meka 5 za mahindi, wanataka kugawana sawa. Mwanafunzi apewe mistari hii mitatu:

int meka = 5, mama = 2;
float fungu = meka / mama;
printf("%.1f", fungu);

Aulizwe: mashine itaandika nini? Mama yeyote sokoni atajibu 2.5, na atakuwa na haki. Lakini mashine itaandika 2.0. Katika C, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, jibu ni namba nzima, na kinachobaki kinatupwa. Kuandika « float » upande wa kushoto hakusaidii, kwa sababu mgawanyo umekwisha kufanyika. Nusu meka ya kila mama imepotea, na hakuna aliyeiba. Kisha swali la pili: rekebisha. Anayejua ataandika (float) mbele ya neno meka, na kila mama atapata haki yake.

Mfano mwingine. Mwalimu anataka programu impongeze mwanafunzi aliyepata 20 juu ya 20, anaandika: if (pointi = 20). Kosa liko wapi? Ni alama moja tu. Katika C, alama moja ya = maana yake ni « weka », na alama mbili, ==, maana yake ni « linganisha ». Kwa hiyo programu hii haiulizi kama mwanafunzi amepata 20, inampa 20. Aliyepata 3 anapongezwa, na aliyepata sifuri anapongezwa pia. Mwanafunzi anayeliona kosa hili amejua C kuliko yule aliyeandika ukurasa mzima juu ya maisha ya Ritchie.

Mfano wa tatu ni wa siku za juma: int siku[7]. Nafasi ni saba, lakini C inaanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo ya mwisho ni siku[6]. Anayeandika kwenye siku[7] ametoka nje ya uwanja wake na kuingia kwa jirani, na C yenyewe haiahidi kumzuia. Jambo hili si mchezo. Mwaka 1988, programu aliyoiandika mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Morris, ilisambaa na kulemaza maelfu ya kompyuta kwenye intaneti. Mlango mmoja iliopitia ulikuwa amri ya C iitwayo gets, ambayo inapokea maneno bila kuangalia kama nafasi inatosha. Mwaka 2011 amri hiyo iliondolewa kabisa katika kanuni za C. Lakini silabusi zinazoifundisha bado zinazunguka, pamoja na mambo ya Turbo C, chombo cha Borland cha mwaka 1987. Interogasio inayouliza kazi ya clrscr() inapima chombo hicho cha zamani, maana amri hiyo haimo katika kanuni za C.

Wako watakaojibu kwamba maswali ya namna hii yanataka kompyuta. Katika somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard, ambamo C inafundishwa majuma ya mwanzo, programu ya mwanafunzi inajaribiwa na mashine. Harvard ina mashine na ina umeme. Huku, moto unakwenda bila kuaga, na asistenti mmoja anasimamia promosio ya watu wengi mno.

Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mifano yote mitatu hapo juu inafanyika kwenye karatasi. Mwanafunzi anafuata mstari kwa mstari, anaandika thamani ya kila kitu pembeni, mwisho anatoa jibu. Na kwa asistenti mwenye rundo la karatasi, kusahihisha « 2.0 » kunachukua muda mfupi kuliko kusoma ufafanuzi ambao wote wamenakili kutoka silabusi ile ile. Akiogopa wizi wa majibu, abadilishe namba: safu hii wagawane meka 7, safu ile meka 9.

Nyumbani pia njia ipo. Kwenye simu ya Android, Termux, ambayo ni ya bure, inaweza kuwekewa kompilateri, yaani programu inayogeuza maandishi ya C yawe amri ambazo mashine inazifuata. Ikishawekwa, haidai mega tena. Vijana watatu wenye simu moja wanaweza kuandika, kukosea na kurekebisha jioni nzima.

Ni kweli pia kwamba kukariri kuna nafasi yake. Hakuna atakayeandika C bila kushika kichwani kwamba amri inafungwa kwa nukta-mkato, au kwamba scanf inataka alama ya & mbele ya jina la namba. Historia nayo si dhambi: kitabu ambacho Kernighan na Ritchie walikitoa mwaka 1978 kinastahili kujulikana. Lakini mambo hayo ni chumvi. Anayepika bukari hapimwi kwa kutaja jina la aliyevumbua sufuria.

Walimu wa informatiki, ndani ya Ruashi na nje yake, wanaweza kuanza na interogasio inayokuja, bila kungoja amri ya waziri wala mradi wa wafadhili: nusu ya pointi iende kwenye kusoma programu fupi, kusema itatoa nini na kurekebisha kosa lake. Wanafunzi nao wasilalamike kwamba swali « halimo ndani ya silabusi ». Na mzazi ambaye hajawahi kugusa kompyuta ana swali lake la kumuuliza mtoto arudipo na pointi nzuri: « Zile meka tano, mashine imetoa ngapi, na kwa nini? » Mtoto akiweza kumweleza mpaka akaelewa, minervali haikupotea.